Meza ya Kukatia, Si Kitanda

Kwa Fundi Cherehani,
Mlango wa Tatu, Nyuma ya Duka la Dawa.
Ijumaa, tarehe 14 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, za upendo na za woga pia, maana leo zote mbili zimo. Hujambo na baridi ya huko? Kifundo cha mkono kimepoa, au pasi za hiyo hoteli bado zinakunyanyasa? Usinijibu "sijambo" ya mkato kama kawaida yako, nataka kujua kweli. Na kaka yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie ajifunge skafu niliyomshonea, asione haya eti kwa sababu ina maua.

Sisi huku ni wazima. Mwanao Chiriku ni mzima, naanza na hilo ili usisome yanayofuata ukiwa umeshika roho mkononi. Amekula, ameoga, na hivi sasa amelala usingizi wa mchana kwenye kochi. Nimeinuka kumtazama mara nne tangu nianze kuandika.

Utashangaa kwa nini karatasi wakati simu ninayo. Wifi, kwenye simu nashindwa. Nikisikia tu sauti yako ikisema "enhe, niambie," mdomo wangu unakimbilia uongo kabla sijaukataza. Kwa hiyo naandika, na muuzaji wa duka la dawa atapiga picha kila ukurasa akutumie. Nimemwomba asisome. Atasoma. Na asome tu, wiki hii nimeshazoea kuona haya.

Jambo lenyewe ni hili, nalitoa kwanza nisije nikapata nafasi ya kulipamba. Mwanao hakuanguka kitandani. Alianguka kutoka juu ya meza yangu ya kukatia, na mimi ndiye niliyemsimamisha pale. Yule tabibu wa zahanati uliyemlalamikia kwa wakubwa wake, kwamba alimwona mtoto kaumia kichwa akamrudisha nyumbani, hana kosa hata chembe. Alimrudisha kwa sababu nilimdanganya. Jumatatu asubuhi ameitwa mbele ya kamati ajieleze, na wanaweza kumwachisha kazi. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu uwaandikie kabla ya hiyo Jumatatu.

Meza unaijua. Siku mlipokuwa mnafunga mizigo ya safari, mniachie Chiriku, uliingia hapa dukani ukamkuta mtoto wa mteja amesimama juu yake, nami nampimia upindo. Ukaniambia, "Wifi, hiyo meza iko juu sana kwa mtoto." Nikakucheka. Nikakuambia nimeshona miaka ishirini na miwili, na mtoto akisimama mezani upindo unakuwa sawa na macho yangu, sina haja ya kupiga magoti kama mtu anayeomba msamaha. Halafu nikaenda kumsimulia kaka jinsi ulivyo mwoga, tukacheka wote wawili nyuma ya mgongo wako. Hata hilo naliungama, maana nimeshaanza.

Ilikuwa Jumanne, wiki tatu zilizopita. Mwalimu mkuu alikuwa ameniletea kazi ya sketi arobaini za darasa la kwanza, na Chiriku ana umbo lilelile, basi nikamfanya yeye kipimo. Anavaa, anapanda kigodani, anapanda mezani, anageuka, anashuka, anavua, anavaa nyingine. Alikuwa anafurahi kweli, akijiona mtu wa kazi. Na maswali yake unayajua: kwa nini cherehani ina mguu mmoja na meza ina minne, kwa nini chaki ya nguo haiandiki ukutani, ni nani aliyejaribu. Mimi nina pini mdomoni, namjibu kwa kuguna.

Tulifika sketi ya kumi na saba. Juu ya meza palikuwa na kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani kinachoteleza kama sabuni. Nilikiona. Nilisema moyoni nitakiondoa nikimaliza huyu. Nikamwashiria kwa kidole ageuke, akageuka, mguu ukakanyaga bitana, akaenda chini kinyumenyume. Kisogo kikapiga saruji.

Sasa hili linalofuata nimeulizwa mara nyingi na nimelificha mara nyingi. Hakulia papo hapo. Alilala pale macho yamefumba, kimya. Mimi nilikuwa na pini saba au nane kati ya midomo, sikuweza hata kumwita. Nikazitema kiganjani, moja ikanichoma mdomo wa chini, nikazunguka meza, nikamwita mara mbili. Mara ya pili ndipo akafumbua macho, akalia. Muda wa kutema pini na kuzunguka meza, mwanao alikuwa amezimia. Na mimi nilisema muda huo haukuwepo.

Fundi viatu, jirani yangu wa mlango wa pili, akapaza sauti kutoka kwake, "Shangazi, kishindo gani hicho?" Siku hizi mtaa mzima unaniita Shangazi kwa ajili ya Chiriku. Nikamjibu, "Jora limedondoka!" Akauliza mbona mtoto analia, nikasema limemshtua. Nimempakata mwanao, machozi yake yanalowesha kifua changu, nami namwita jora la kitambaa. Sijui uongo ule ulitoka wapi, wifi. Ulikuja haraka kuliko huruma.

Nikachemsha maji, nikamkanda nundu kwa kitambaa cha moto, nikaisugua kama tulivyosuguliwa sisi. Ikazidi kuvimba, nami nikafurahi, kwa sababu tangu utotoni nimesikia kwamba nundu ikitoka nje basi ubaya wote umetoka. Kisha nikamfunga kilemba kwa kipande cha kitambaa cha sketi, nikakipinda vizuri ili mtu asione kilichomo. Nikamkalisha kwenye gunia la vipande, nikarudi kwenye cherehani.

Ndiyo, nilirudi kushona. Nilimaliza sketi tatu nzima. Chiriku amekaa kimya, haulizi kitu, na mimi nikaushukuru ule ukimya, nikasema afadhali leo nafanya kazi kwa amani. Mtoto ambaye huongea hata akiwa anapiga mswaki! Sina pa kuweka uso nikikumbuka hilo. Kuanguka kulikuwa ajali, lakini zile sketi tatu hazikuwa ajali.

Saa kumi akatapika. Nikasema ni maziwa ya asubuhi. Akatapika tena, nikasema ni joto la pasi. Mara ya tatu nilikosa cha kusingizia, nikafunga duka, nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Njiani nikamwambia, "Tukiulizwa tunasema umeanguka kitandani, sawa?" Akasema, "Sawa, shangazi." Hakuuliza kwa nini.

Tabibu ni mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na viatu vilivyochoka. Aliniuliza maswali manne. Ameanguka kutoka wapi na urefu gani? Alipoteza fahamu? Ametapika mara ngapi? Kuna mtu aliyeona? Nikajibu kwa sauti kavu kabisa: kitandani, hapa magotini, hapana, alilia hapohapo, mara moja, nimeona mimi mwenyewe. Utataka kujua kwa nini. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mteja wangu, mama wa mtoto ambaye wiki moja kabla nilimsimamisha kwenye meza ileile. Niliona akisikia tu, hakuna mzazi atakayeniletea mtoto tena. Niliwaza jina langu la ufundi, wifi, mwanao akiwa amelegea begani kwangu.

Tabibu akamgeukia mtoto, akamuuliza kwa upole ameanguka wapi. Chiriku akanitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Kitandani."

Alimmulika macho kwa tochi, akampapasa kichwa, akamwambia atembee hatua chache, amshike vidole. Kwa aliyoyaona na aliyoambiwa, alisema mtoto anaweza kwenda nyumbani kuangaliwa, lakini akanipa masharti. Akitapika tena, kichwa kikizidi kumuuma, akisinzia kupita kawaida au akawa mgumu kuamka, akichanganya maneno, akishikwa na degedege, akitokwa na maji au damu puani au masikioni, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, nisisubiri, nimkimbize hospitali. Alisema tena kwamba kulala si kosa, watu hudhani mtoto aliyegonga kichwa anyimwe usingizi. Alale, ila niwe namwamsha kuona kama ananijua. Akaniandikia, akanitaka nirudie. Nikarudia yote kama mwanafunzi hodari. Nikamshukuru na nikaondoka na mtoto aliyekuwa ameshatapika mara tatu.

Kulipokucha aliniuliza kama leo kuna shule. Nikamwambia hapana, leo unapumzika. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tano, kila mara kama ndiyo kwanza, nikaacha nilichokuwa nafanya nikamtazama. Akasema kichwa kinamuuma mpaka kwenye meno. Nikamtoa nje apate hewa, na fundi viatu alikuwa ndiyo anafungua mlango wake. Akamtazama anavyotembea, akaweka chini kufuli. "Shangazi, mtoto huyu hayuko sawa. Hata miguu hajui kama ni yake." Hakuningoja nijikaze kisabuni na uongo mwingine. Alimbeba, tukasimamisha gari la kwanza lililopita.

Daktari wa hospitali ni mzee wa sauti ya chini, inabidi umsogelee ndipo umsikie. Alisoma karatasi ya zahanati, akaniuliza kitanda kina urefu gani. Nikaonyesha goti langu. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akasema, "Mama, simtafuti mwenye kosa. Natafuta namna ya kumtibu. Hicho kitanda hakinisaidii."

Nikamwaga yote pale. Meza, bitana, pini, kuzimia, kutapika mara tatu, sketi tatu. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Niliposema meza aliinamisha kichwa, nikajua ameelewa jora lilikuwa nani. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari hakunigombeza hata neno moja, na nadhani angenigombeza ningepata nafuu. Alichukua karatasi mpya, akaandika upya, na mtoto akapelekwa saa ileile kwenye ile mashine kubwa inayopiga picha ndani ya kichwa.

Ya ufa kwenye mfupa wa kisogo na ya damu kidogo chini yake ulishayasikia kwa simu, na kwamba picha ya pili ilionyesha damu haikuongezeka, ndiyo maana hawakumpasua. Usichokisikia ni kwamba tulipaswa kufika pale siku iliyotangulia, kabla ya jua kuzama. Daktari alisema safari hii tumebahatika. Ikiwa damu ile ingeendelea kujaa huku mimi namwambia ni joto la pasi, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Nilimuuliza maana yake nini, kwa sababu kichwani hata hapakuwa pamechubuka. Akanieleza kwa yai. Ukilitikisa yai kwa nguvu, ganda linaweza kubaki zima na kiini ndani kikavurugika. Ubongo nao umo ndani ya fuvu hivyo hivyo. Na mtoto kichwa chake ni kizito kuliko mwili wake, shingo bado laini, akianguka kichwa ndicho hutangulia. Nundu ya nje haisemi habari za ndani, iwe kubwa iwe ndogo. Kinachosema ni urefu alioanguka, kama alizimia, na mwenendo wake baadaye: kutapika, kusinzia, kunyamaza kwa mtoto asiyenyamaza. Yaani ni yaleyale niliyoulizwa zahanati. Na kule kusugua kwa maji moto, akasema ni kitambaa cha baridi tu kinawekwa juu taratibu, hakuna kusugua. Miaka yote hii nimejiona najua kulea.

Sasa nikuambie hali yake bila kuipunguza. Kichwa bado kinamuuma jioni, lakini si kila siku. Kelele zinamchosha, kwa hiyo nimehamishia cherehani chumba cha nyuma. Mwanga mkali hautaki. Analia kwa vitu vidogo, juzi alilia kwa sababu uji ulikuwa na mapovu. Daktari anasema hayo ni ya kawaida na yatapungua kwa wiki kadhaa. Shule ataanza nusu siku baada ya kuonwa tena tarehe ishirini na nne. Kukimbia, kuruka na kupanda vitu hapana kabisa, maana kugonga kichwa tena kabla hajapona ni hatari kuliko mara ya kwanza. Maswali yamerudi. Jana aliniuliza kama ubongo unaweza kusikia watu wakiusema. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Meza haipandwi tena na mtoto wa mtu. Napiga magoti sakafuni, na goti la kushoto linalalamika, na lilalamike. Yule mama wa kwenye foleni nimemwambia mwenyewe. Amechukua vitambaa vyake kwa fundi mwingine, na sina la kumlaumu.

Ila kuna moja bado, nimelizungukazunguka kama nilivyoizunguka ile meza. Uliponipigia ukalia, ukasema yule tabibu hajui kazi na utawaandikia wakubwa wake, mimi nilisemaje? Unakumbuka? Nilisema, "Hata mimi nilishangaa, wifi." Ningeweza kunyamaza, lakini nilichagua kusema hivyo. Nilimpaka matope mtu aliyenieleza kila kitu, akaniandikia, akanitaka nirudie nisije nikasahau. Malalamiko ni yako, lakini maneno yaliyomo ni yangu.

Jana nikapiga moyo konde nikaenda kumwona. Nilimkuta anakunja mapazia ya chumba cha kuchomea sindano. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana aliponikaribisha kiti niliona sistahili. Akaenda kuleta daftari la wagonjwa, akafungua ukurasa ambao kona yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa, akanisomea majibu yangu manne kwa mwandiko wake. Akasema, "Nimeusoma mstari huu kila siku natafuta nilipokosea." Akasema siku hizi mtoto akiletwa amejikwaa tu anamwandikia aende hospitali, mpaka wenzake wanamcheka, kwa sababu hajiamini tena. Halafu akakaa, akalia, akajifuta kwa mkono wa koti. Akaniuliza kama Chiriku bado anasumbuliwa na mwanga.

Wifi, sikuombi unisamehe katika barua hii, hilo ni lako, lina wakati wake. Nakuomba jambo moja: waandikie kamati kwamba umedanganywa, na aliyekudanganya ni mimi. Mimi nitakuwepo Jumatatu saa tatu kusema kwa mdomo wangu. Na kama baada ya haya utaona mtoto akakae kwa dada yako, sitabisha wala sitanuna. Nitamfungia nguo zake mwenyewe, na dawa, na tarehe za daktari nitaziandika kwa herufi kubwa.

Leo asubuhi nilimkalisha Chiriku nikamwambia ukweli, kwamba shangazi alisema uongo, na Jumatatu anakwenda kwa watu wazima kuusahihisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi na mimi nakwenda." Nikamwambia wewe hukuitwa, mama. Akasema, "Lakini na mimi aliniuliza. Na mimi nilisema kitandani." Nikamwambia kosa ni langu peke yangu, lake halimo. Hakunisadiki. Tangu hapo ananiuliza mtu anaombaje radhi mbele ya watu wengi, asimame au akae, aanze na shikamoo au aanze na samahani, na kabla ya kulala alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, anafanya mazoezi. Ana miaka sita, wifi, na anaamini tulikosea wawili.

Nisalimie kaka, na barua hii umpe aisome mwenyewe, usimlainishie. Msalimie na shemeji yako wa huko aliyewapokea, na dada yako mkiongea mwambie Chiriku anamkumbuka. Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe nguvu za mkono, na akujalie hasira isiyomgusa asiyehusika.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukuonea haya,

Shangazi wa Chiriku.